Alan Turing na Ufundishaji wa Kutafuta Kasoro za Programu

Utangulizi

Somo la kompyuta limekwisha kuingia katika vyuo vyetu vya ualimu, nalo limekuja na taabu zake. Mwanachuo hujifunza kuandika programu kwa majuma machache, akafurahi kuiona ikifanya kazi; kisha siku moja programu husimama ghafla, na mashine humwarifu kwamba rundo limefurika. Hapo aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hubadilisha mstari huu na ule kwa kubahatisha, ama huja kwa mkufunzi akitaka apewe jibu. Kwa njia zote mbili kasoro yaweza kuondoka, lakini mwanachuo hakujifunza kitu, na mwaka utakaofuata atasimama mbele ya watoto wa watu akiwa na ujinga ule ule.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya Alan Mathison Turing, Mwingereza aliyefikiri juu ya rundo hilo kabla mashine iliyolihitaji haijajengwa, na ambaye pia aliwaonyesha wenzake namna ya kuisahihisha programu kwa utaratibu. Tumechagua njia ya maisha ya mtu kwa sababu kanuni huingia akilini upesi zaidi pale mwanafunzi anapoijua haja iliyomsukuma mtu kuitafuta. Aidha, maisha yenyewe yana mambo yanayotuhusu sisi walimu moja kwa moja, hata yule asiyefundisha kompyuta.

Utoto na shule

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Bara Hindi, katika jimbo la Madras, na kwa desturi ya watumishi wa namna hiyo wazazi walirudi kazini wakawaacha watoto Uingereza. Alan na kaka yake John walilelewa kwa miaka mingi katika nyumba ya mwanajeshi mstaafu na mkewe, karibu na mji wa Hastings.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa katika shule ya bweni ya Sherborne. Muhula ulipoanza palikuwa na mgomo mkuu wa wafanyakazi nchini kote, na treni hazikwenda. Kijana huyo alishuka melini Southampton, akapanda baiskeli yake, akasafiri yapata kilomita 100 kwa siku mbili, akilala njiani katika nyumba ya wageni, hata akafika shuleni. Tukio hilo latuonyesha tabia yake: akiisha kuliona jambo kuwa ni la lazima, alilitenda kwa njia iliyo wazi mbele yake bila kungoja kusukumwa.

Lakini shuleni hakusifiwa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, madaftari yake machafu, na walimu waliandika katika taarifa za muhula kwamba hawezi kuandika kazi ya kusomeka. Mwalimu mkuu alieleza shaka yake kwamba, ikiwa kijana huyu atakuwa mtaalamu wa sayansi tu, basi anapoteza wakati wake katika shule ya aina ile. Wakati huo huo kijana alikuwa akisoma peke yake mambo yaliyozidi kwa mbali muhtasari wa masomo. Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi alimwandikia mama yake maelezo ya nadharia ya Einstein, akafuata hoja zake hatua kwa hatua.

Hapa mwalimu aketi na kutafakari. Walimu wa Sherborne hawakuwa wajinga wala waovu. Walitazama lile lililotazamika upesi, yaani wino uliomwagika na mistari iliyokatwa, wakalipa alama hilo. Fikra iliyokuwa chini ya wino ule ilihitaji muda kuisoma, na muda huo wengi hawakuutoa. Tutaona mbele kwamba mtoto huyu mwenye daftari chafu ndiye aliyekuja kudai kwa nguvu kwamba hatua za kazi ziandikwe wazi ili mwingine apate kuzihakiki.

Mwaka 1930 rafiki yake mpenzi shuleni, Christopher Morcom, kijana aliyependa sayansi kama yeye, alifariki kwa kifua kikuu. Msiba huo ulimgusa Turing sana, ukamwachia maswali juu ya akili ya binadamu na uhusiano wake na mwili, maswali ambayo aliyashika maisha yake yote.

Swali la mwaka 1936

Mwaka 1931 aliingia King's College, Cambridge, kusoma hisabati. Alihitimu mwaka 1934 kwa daraja la kwanza, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho akiwa na umri wa miaka 22. Wakati huo alihudhuria mihadhara ya mwanahisabati Max Newman, aliyeeleza swali lililowekwa na Mjerumani David Hilbert: je, yako masharti ya kufuatwa hatua kwa hatua, bila kutumia busara, yatakayotuwezesha kujua kama kauli yoyote ya hisabati inathibitika au haithibitiki?

Turing alianza kwa kujiuliza kwanza ni nini hasa maana ya kufuata masharti hatua kwa hatua. Akamtazama mtu anayefanya hesabu kwa kalamu na karatasi, akaondoa kila kisichokuwa cha lazima, hata akabakiwa na mashine ya kufikirika: utepe uliogawanywa katika visanduku, alama chache, na orodha ya amri. Kwa mashine hiyo alithibitisha, katika makala yaliyotoka mwaka 1936, kwamba jibu la swali la Hilbert ni hapana. Mmarekani Alonzo Church wa Princeton alikuwa amefikia jibu hilo hilo kwa njia nyingine muda mfupi kabla yake. Turing alikwenda Princeton kusoma chini yake, akapata shahada ya udaktari mwaka 1938.

Kwa somo letu tunda la kazi hiyo ni hili: haiwezekani kutunga programu moja itakayoweza kupokea programu nyingine yoyote na kutuambia, pasipo kukosea kamwe, kama hiyo nyingine itafika mwisho au itazunguka milele. Mwanachuo hutuuliza mara nyingi kwa nini kompaila, ambayo humkaripia kwa nukta iliyosahauliwa, haikumwonya kwamba programu yake haina mwisho. Jibu lake ni la mwaka 1936. Kompaila yaweza kutambua baadhi ya hali zilizo dhahiri, lakini haiwezi kuzitambua zote. Sehemu iliyobaki ni ya binadamu, na ndiyo maana hatuna budi kuifundisha.

Vita na baada ya vita

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani, Turing aliripoti Bletchley Park, mahali palipokuwa na kazi ya siri ya kufumbua maandishi ya fumbo ya Wajerumani. Wanahisabati wa Poland, Marian Rejewski na wenzake, walikuwa wametangulia kuivunja mashine ya Enigma, na walikuwa wamewapa Waingereza ujuzi wao. Juu ya msingi huo Turing alibuni mashine ya kusaka mipangilio ya Enigma, ikaboreshwa na Gordon Welchman, na ya kwanza ikaanza kazi mwaka 1940. Yeye mwenyewe aliongoza kazi ya kufumbua maandishi ya jeshi la majini la Ujerumani. Yote hayo yalifichwa kwa miaka mingi baada ya vita, hata watu wengi waliokutana naye hawakujua alilolitenda.

Mnamo Oktoba 1945 aliajiriwa katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington ili asanifu kompyuta ya elektroni. Taarifa yake ilikuwa tayari kufikia mwisho wa mwaka, na mwezi Machi 1946 ikawekwa mbele ya kamati ya maabara. Mashine hiyo iliitwa ACE.

Kikaratasi kinachozikwa

Katika usanifu wa ACE ndimo linamopatikana jambo letu. Turing alitambua kwamba kazi kubwa yoyote hujengwa kwa kazi ndogo ndogo, na kwamba kazi ndogo moja, kama ile ya kugawanya, huhitajiwa mahali pengi. Ingekuwa upuuzi kuiandika upya kila mara. Yafaa iandikwe mara moja, kisha kazi kubwa iiite inapoihitaji. Lakini kazi ndogo ikiisha, mashine itajuaje pa kurudi?

Mwalimu aliye katikati ya kusahihisha madaftari aitwapo na mgeni, huweka kikaratasi kwenye ukurasa alioufikia. Akiwa na mgeni akaitwa na mkuu wa chuo, huacha alama ya pili pale mazungumzo yalipokatika. Akiisha kuachana na mkuu, humrudia mgeni kwanza, kisha madaftari. Alama ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Turing alipendekeza utaratibu uo huo. Kabla ya kuanza kazi ndogo, mashine iandike kikaratasi cha mahali ilipoachia, ikizike. Kazi ndogo ikiisha, ikifukue na kuendelea. Amri zenyewe alizipa majina ya kuzika na kufukua. Katika mhadhara wake mbele ya Chama cha Hisabati cha London, tarehe 20 Februari 1947, alieleza kwamba vikaratasi hivyo viwekwe katika orodha, cha karibuni kikiwa mwishoni, na kwamba mahali maalumu patunze nambari ya nafasi ya kile cha mwisho, nambari hiyo ikibadilishwa kila kazi ndogo inapoanza au kuisha.

Huo ndio mpango ambao leo huitwa rundo. Wataalamu wengine waliufikia baadaye kwa njia zao wenyewe, na leo programu zilizotafsiriwa na kompaila hutumia rundo la aina hiyo karibu kila mahali.

Mpango huo una mpaka wake tangu mwanzo. Hifadhi ya ACE ilikusudiwa kuwa mabomba ya zebaki, ambamo tarakimu zingezunguka kama mawimbi ya sauti. Bomba kubwa lingechukua tarakimu 1024, yaani maneno 32 ya tarakimu 32 kila moja. Kama kila kikaratasi kingechukua neno zima, bomba moja lingejaa baada ya vikaratasi 32. Kompyuta za leo zina nafasi kubwa mno kuliko hiyo, lakini nafasi ya rundo bado ina mwisho. Kazi ikizika vikaratasi bila kufukua, siku moja kitakuja kikaratasi kisicho na mahali. Huko ndiko kufurika kwa rundo.

Kuhakiki programu kubwa

ACE ilichelewa kujengwa, na Turing akachoka kungoja. Baada ya mwaka mmoja Cambridge, alihamia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1948, ambako tarehe 21 Juni mwaka huo Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill walikuwa wameendesha programu ya kwanza katika kompyuta yao ndogo. Huko Turing aliandika kitabu cha mwongozo kwa watunga programu, kilichotoka mwaka 1951.

Mwezi Juni 1949 palikuwa na mkutano Cambridge, na Turing alisoma makala mafupi juu ya kuhakiki programu kubwa. Alianza na mfano wa hesabu ya kujumlisha, ambao sisi twautoa hapa kwa nambari zetu wenyewe. Mwanafunzi amejumlisha 487, 359, 268 na 746, akaandika 1860 na hakuandika kingine. Msahihishaji hana la kufanya ila kuirudia hesabu yote. Lakini kama mwanafunzi ameandika kwamba safu ya mamoja ilitoa 30, akaandika 0 na kuchukua 3. Safu ya makumi pamoja na 3 hiyo ikatoa 26, akaandika 6 na kuchukua 2. Safu ya mamia pamoja na 2 ikatoa 18. Basi wasahihishaji watatu waweza kuhakiki safu tatu kwa wakati mmoja, kila mmoja peke yake, na kosa likiwapo litajulikana liko safu gani.

Turing alitaka mtunga programu afanye vivyo hivyo: aandike, katika sehemu mbalimbali za programu, madai juu ya hali inayopasa kuwako pale. Kila dai lihakikiwe peke yake, na madai yote yakithibitika usahihi wa programu nzima ufuate. Kisha akaongeza sharti la pili, lenye thamani kubwa kwa somo letu. Msahihishaji asiridhike kwamba programu hutoa jibu sahihi ikifika mwisho. Aonyeshwe pia kwamba itafika. Kwa ajili hiyo mtunzi ataje kiasi fulani kinachopungua kila hatua, hata kiishe.

Msomaji na atazame jinsi mambo yanavyoungana. Mwaka 1936 Turing alionyesha kwamba hakuna mashine ya kutuhakikishia mwisho wa kila programu. Mwaka 1949 hakukata tamaa, alimpa mtunzi wa programu wajibu: wewe uliyeiandika, tuonyeshe ni kipi kinachopungua.

Kuna habari ndogo juu ya mkutano huo inayowafaa walimu. Watunga programu wa Manchester walizoea kuandika nambari kinyumenyume, tarakimu ndogo ikitangulia, kwa kuwa ndivyo mashine yao ilivyozipokea. Turing alipokuwa ubaoni aliandika nambari kwa namna hiyo, na wasikilizaji wakashindwa kumfuata katika hesabu rahisi. Makala yake hayakupata wafuasi wakati huo, na fikra hizo zilikuja kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kazi za watu wengine, hasa Robert Floyd na Tony Hoare. Hatudai kwamba ubao ndio uliosababisha kucheleweshwa huko. Twasema tu kwamba mjuzi akikizoea chombo chake husahau kwamba mwenziwe hakukizoea, na katika darasa la kompyuta hatari hiyo iko karibu nasi kila siku.

Kufurika kwa rundo katika programu za tovuti

Sasa tuyatumie hayo katika taabu tuliyoitaja mwanzoni. Programu nyingi za tovuti leo haziandikwi katika lugha ambayo kivinjari huielewa. Huandikwa katika lugha nyingine, na kompaila huzitafsiri. Kwa hiyo kasoro ikitokea, mashine hutaja mistari ya tafsiri, wala haitaji mistari aliyoiandika mwanachuo. Majina ya kazi huenda yamefupishwa kuwa herufi moja moja, na kazi mbili huenda zimeunganishwa kuwa moja ili kuongeza mwendo. Hatua ya kwanza, basi, ni kuitafsiri programu upya kwa ajili ya uchunguzi: kompaila iagizwe itunze majina, ipunguze ufupishaji, na itoe ramani ya chanzo, yaani faili inayooanisha kila mstari wa tafsiri na mstari wa asili.

Hatua ya pili ni kusoma orodha ya miito, ambayo kwa hakika ni vile vikaratasi vya Turing vikifukuliwa kimoja kimoja. Mwanachuo asome kutoka kile cha mwisho akitafuta marudio. Kama jina moja limejirudia mamia ya mara, kazi hiyo yajiita yenyewe bila kukoma. Kama majina mawili yanapokezana, kazi ya kwanza huita ya pili, na ya pili huirudia ya kwanza. Hali hii ya pili huwapotosha wengi, kwa kuwa kila kazi ikitazamwa peke yake yaonekana haina lawama.

Hatua ya tatu ni kuuliza swali la mwaka 1949: ni kipi kinachopungua? Chukua kazi ya kuzidisha nambari zote kuanzia 1 hadi nambari fulani, inayojiita yenyewe kwa nambari iliyopunguzwa 1, na kukoma inapofika 1 kamili. Kwa 5 hufanya kazi vizuri. Kwa 2.5 hupita 1.5, kisha 0.5, kisha huingia chini ya sifuri, na ile 1 haikukanyagwa kamwe. Kitu chapungua, ndiyo, lakini hakifiki pale pa kukomea. Sharti la kukoma limeandikwa, hata hivyo halitoshi.

Hatua ya nne ni kutambua kwamba si kila kufurika hutokana na kukosa mwisho. Kuna kazi yenye mwisho sahihi ambayo kina chake chazidi nafasi iliyopo, na kuna kazi inayoweka mzigo mkubwa mno katika rundo kwa mara moja. Mfano mzuri ni kompaila ya Emscripten, inayotafsiri programu za C na C++ kwa ajili ya vivinjari. Mwaka 2022 nafasi yake ya kawaida ya rundo ilipunguzwa kutoka megabaiti 5 hadi kilobaiti 64. Kilobaiti 64 ni baiti 65,536. Kama kila mwito unachukua baiti 64, rundo litajaa baada ya miito 1024. Kama kazi moja yatangaza ndani yake jedwali la baiti 70,000, litafurika kwa mwito wa kwanza. Katika mfumo wa Linux, ambapo nafasi ya kawaida ni megabaiti 8, programu ile ile ingepita salama. Basi mwanachuo anayesema kwamba programu yake ilifanya kazi jana mezani pake huenda anasema kweli. Mahali ndipo palipobadilika.

Dawa nazo ni tofauti kwa kila ugonjwa. Kazi isiyo na mwisho hurekebishwa sharti lake la kukoma. Kazi yenye kina kirefu hugeuzwa kuwa mzunguko wa kawaida, au hupewa orodha yake yenyewe nje ya rundo. Mzigo mkubwa huhamishiwa katika sehemu nyingine ya hifadhi. Kuongeza ukubwa wa rundo kwafaa pale tu tulipokwisha kuhakikisha kwamba mwisho upo. Kumwongezea nafasi asiye na mwisho ni kuahirisha anguko lake.

Namna ya kufundisha

Somo hili laweza kufundishwa bila kompyuta hata moja, na tunashauri lianze hivyo. Vifaa ni ubao, vikaratasi, na msumari wa kuchomekea stakabadhi, kama ule utumiwao dukani. Mkufunzi atangaze kwamba msumari huu hupokea vikaratasi 10, basi.

Katika zoezi la kwanza mwanafunzi atafute zao la nambari 1 hadi 5. Wa kwanza aandike kwamba akipewa jibu la 4 atazidisha kwa 5, achomeke kikaratasi, amwite mwenzake. Hivyo hivyo hadi wa tano, ambaye kwake jibu ni 1 bila kumwita mtu. Msumari una vikaratasi vinne. Sasa vitolewe kuanzia cha juu: 2, 6, 24, 120. Darasa limeona kuzika na kufukua kwa macho yake.

Katika zoezi la pili sharti la kukoma lifutwe. Wanafunzi watashuka 5, 4, 3, 2, 1, 0, na kuendelea chini ya sifuri. Kikaratasi cha kumi kitakuwa cha -4, na mwenye -5 atakosa nafasi. Mkufunzi asiseme neno. Awaache wenyewe wasome vikaratasi vilivyopo na kueleza ni wapi walipopaswa kusimama.

Katika zoezi la tatu sharti lirudishwe, lakini itakiwe nambari 20. Vitahitajika vikaratasi 19, na msumari utajaa ingawa hakuna aliyekosea. Mwishowe mwanafunzi ajaribu kuchomeka daftari zima. Wataona kwamba dalili ni moja na sababu ni tatu. Baada ya hapo ndipo waingie chumba cha kompyuta.

Katika kusahihisha, tunashauri alama zigawanywe. Mwanafunzi aliyeondoa kasoro bila kueleza chanzo chake asipewe alama zote. Naye aliyeeleza chanzo kwa usahihi lakini hakuwahi kumaliza marekebisho asirudishwe mikono mitupu. Vinginevyo tutakuwa tunawafundisha kubahatisha, huku midomo yetu ikisema vingine.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1950 Turing alichapisha makala mashuhuri juu ya swali la kama mashine zaweza kufikiri. Ndani yake alipendekeza kwamba badala ya kuiga akili ya mtu mzima, afadhali itengenezwe mashine iliyo kama mtoto, kisha isomeshwe. Mwaka 1951 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1952 akatoa kazi mpya kabisa juu ya jinsi maumbo na madoa yanavyotokea katika viumbe hai.

Mwaka huo huo wa 1952 alishtakiwa kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule. Akapewa kuchagua kifungo au matibabu ya homoni kwa muda wa mwaka mmoja, akachagua matibabu. Aliondolewa pia ruhusa ya kushiriki kazi za siri za serikali, yeye aliyekuwa ameitumikia kwa namna ambayo wananchi wenziwe hawakuruhusiwa kuijua. Alifariki nyumbani kwake Wilmslow tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi wa kisheria ulisema alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kwamba ilikuwa ajali. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na mwaka 2013 ukatolewa msamaha wa kifalme. Tuzo kuu ya taaluma ya kompyuta, inayotolewa tangu mwaka 1966, ina jina lake.

Hitimisho

Tumeona mtoto ambaye walimu wake walihesabu madoa ya wino wakakaribia kuikosa akili iliyokuwa nyuma yake. Tumeona jinsi alivyotuachia kikaratasi cha kurudia tulipotoka, na swali la kumuuliza kila mwenye kudai kwamba kazi yake ina mwisho. Wanachuo wetu watasahau majina ya kompaila, maana zile za leo hazitakuwa za kesho. Desturi ya kusoma nyayo za kosa kabla ya kugusa chochote, wakiipata, itawafaa katika hesabu, katika maabara, na katika daftari la mtoto ambaye jibu lake limekosewa na njia yake ni njema. Nasi wakufunzi tusipoifuata desturi hiyo tunaposhika kalamu nyekundu, hatutakuwa na haki ya kuwadai wao.